Kitereza kwa Sikio la Kinyambo: Ngeli, Majina na Rubisi katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka

Ikisiri

Riwaya ya Aniceti Kitereza imezoeleka kuhakikiwa kwa njia mbili: kama hazina ya mila za Wakerewe, na kama kilio cha mtunzi ambaye watoto wake hawakuishi. Makala hii inadai kwamba njia zote mbili zimeiruka lugha. Kwa kuisoma matini ya Kiswahili ya mwaka 1980 kwa msaada wa Kinyambo, lugha ya wilaya za Karagwe na Kyerwa iliyo ndugu wa karibu wa Kikerewe, inaonyeshwa kwamba majina ya wahusika na tukio kuu la sehemu ya kwanza ya kisa yamesimama juu ya sarufi na desturi za usemi ambazo Kiswahili hakiwezi kuzibeba zote. Kwa hiyo, kazi ya Kitereza ya kujitafsiri inastahili kuhakikiwa kama utunzi wa pili wenye masharti yake, si kama kivuli cha ule wa kwanza.

Utangulizi

Ni waandishi wachache wa riwaya ya Kiswahili ambao maisha yao ya uandishi yalikuwa marefu na yenye subira kama ya Aniceti Kitereza. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akamaliza mswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945, na akafariki mwaka 1981 kabla nakala za kitabu kilichochapishwa hazijamfikia mkononi. Kati ya mswada na kitabu ipo miaka 35. Mswada ulipokamilika, Shaaban Robert alikuwa bado hajachapisha Kusadikika (1951), na Chinua Achebe alikuwa bado mwanafunzi. Kwa umri wa utunzi, basi, Kitereza ni miongoni mwa waanzilishi wa riwaya ya Afrika Mashariki. Kwa tarehe ya uchapishaji, anaorodheshwa baada ya Kezilahabi, aliyezaliwa katika kisiwa hichohicho karibu nusu karne baadaye. Historia ya fasihi inayofuata tarehe za wachapishaji peke yake imemdhulumu.

Sababu ya kuchelewa inafahamika. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, aliuthamini mswada na kumhimiza mwandishi, lakini hakupatikana mchapishaji wa kitabu kikubwa katika lugha ya watu wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald na Charlotte Hartwig walimkuta Ukerewe mswada ukiwa bado mswada. Makala yao ya mwaka 1972 ndiyo iliyomtambulisha mwandishi kwa wasomi wa nje. Njia iliyobaki ilikuwa Kiswahili, na Kitereza, akiwa amevuka umri wa miaka 70, alikaa chini akakitafsiri kitabu chake mwenyewe. Shirika la Uchapishaji la Tanzania lilikitoa mwaka 1980.

Kuhusu kilichomsukuma kuandika, wahakiki wametoa majibu mawili. La kwanza alilitoa mwandishi mwenyewe: alitaka vijana wa Ukerewe wawe na kitu cha kusoma kwa lugha yao, na namna ya kuishi ya wazee wao isipotee. La pili limechotwa katika wasifu wake. Mwaka 1919 alimuoa Anna Katura. Watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo hawakuishi, na yeye, akiwa Mkristo, hakuoa mke mwingine. Kisa cha mume na mke wanaosukumwa na jamaa waachane kwa sababu hawana mtoto, nao wakakataa kuachana, kimeonekana kuwa ni kisa chake.

Majibu haya yote ni ya kweli, na yote hayatoshi. La kwanza huifanya riwaya kuwa makumbusho. La pili huifanya kuwa shajara. Hakuna hata moja linaloeleza kwa nini kitabu kimeundwa jinsi kilivyo, kwa nini watoto wana majina waliyo nayo, wala kwa nini upikaji wa pombe unachukua nafasi ambayo mwandishi mwingine angeipa vita. Jibu la tatu limo katika lugha.

Rubya na ukanda wa lugha

Kitereza alilelewa karibu na ikulu ya watemi wa Ukerewe, akapelekwa shule ya misheni ya Kagunguli, kisha mwaka 1909 akaenda Seminari ya Rubya, Ihangiro, katika mkoa unaoitwa leo Kagera. Alikaa huko miaka 10. Wanaoandika wasifu wake hukitaja kipindi hiki kwa ajili ya Kilatini, Kigiriki, Kijerumani na falsafa. Lugha ambazo kijana huyo alizisikia nje ya darasa husahauliwa. Rubya ilikuwa seminari ya ukanda mzima. Hata vijana kutoka Rwanda walisomea hapo kabla seminari ya kwao haijaanzishwa. Mkerewe aliyeingia Ihangiro hakuingia ugenini kabisa. Ukoo wa Abasilanga, uliotawala Ukerewe, ulisimulia kwamba asili yake ni Ihangiro hiyohiyo, na Kihaya alichokisikia sokoni kilikuwa kwake kama sauti ya binamu.

Ushahidi wa isimu unaiunga mkono hisia hiyo. Kikerewe kimo katika kundi la Rutara pamoja na Kinyoro, Kitooro, Kinyankore, Kikiga, Kihaya, Kinyambo na Kizinza. Katika uainishaji unaofuata namba za Guthrie, Kinyambo ni JE21, Kihaya JE22, Kizinza JE23 na Kikerewe JE24. Namba si nasaba, lakini mpangilio huo si wa bahati. Lugha hizi zinashirikiana mfumo wa ngeli, sehemu kubwa ya msamiati wa nyumba na shamba, na namna ya kuunda majina ya watu.

Kinyambo kimechaguliwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, kimeelezwa vizuri: Josephat Rugemalira ametoa msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza (2002) na sarufi kamili (2005), hivyo madai yanaweza kupimwa na yeyote. Pili, wasemaji wake wako mbali na ziwa. Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, ni nchi ya vilima, migomba na ng'ombe, inayopakana na Rwanda na Uganda, na Mto Kagera ndio mpaka wake. Msomaji wa Kayanga au wa Nkwenda hawezi kuvutiwa na Kitereza kwa sababu ya kukumbuka mazingira ya kisiwa. Akikifahamu kitabu kuliko msomaji wa Tanga au Unguja, jambo lililomsaidia ni lugha.

Majina na ngeli zake

Mtoto wa kiume wa Myombekere na Bugonoka anaitwa Ntulanalwo, na wa kike Bulihwali. Kwa msomaji wa Kiswahili haya ni majina ya kigeni yenye mdundo mzuri. Kwa msomaji wa Kinyambo ni sentensi mbili.

Jina la kwanza hugawanyika hivi: n-, kiambishi cha nafsi ya kwanza umoja; -tula, kitenzi ambacho Kinyambo hukitamka -tuura, maana yake kukaa au kuishi; na, kiunganishi; na -lwo, kirejeshi cha ngeli ya 11. Maana yake ni "ninaishi nacho". Nacho nini? Jina halisemi. Ngeli ya 11 ina nomino nyingi, lakini katika majina ya watu wa ukanda huu kiambishi hicho kikisimama peke yake sikio hukimbilia neno moja, orufu, yaani kifo. Kifo kimetajwa kwa kiambishi tu. Hakikuitwa, kisije kikaitika.

Huu si ubunifu wa Kitereza. Beattie (1957), alipochunguza majina ya Wanyoro, alionyesha kwamba mengi husemea kifo, huzuni, umaskini na chuki za majirani, na kwamba mzazi hutumia jina la mtoto kuusema ulimwengu alimomzalia. Desturi hiyo inafahamika vilevile Karagwe. Ubunifu wa mwandishi uko katika kuifanya desturi iwe mhimili wa kisa. Mtoto aliyesubiriwa kwa kurasa nyingi, kwa dawa za mganga Kibuguma na kwa uvumilivu wa mama, anapofika hapewi jina la shangwe. Anapewa jina linalokumbusha kwamba kilichowanyima watoto bado kinaishi nyumbani.

Jina la pili linatoka katika ngeli nyingine. Bu- ni kiambishi cha ngeli ya 14; -hwa ni kwisha; silabi ya mwisho ni ya kuuliza wakati. Jina linauliza: utakwisha lini? Nomino iliyofichwa safari hii ni ya ngeli ya 14, ya aina ya obusaasi, "uchungu". Kwa hiyo kaka anakitaja kifo, na dada anayataja majonzi ambayo kifo huyaacha. Katika hatua hii Kiswahili kinamwangusha mfasiri bila kosa lake. Katika Kiswahili upatanisho wa ngeli ya 11 na ya 14 umekuwa mmoja, u-, na kifo kimehamia ngeli ya 7. "Ninaishi nacho" inaweza kuwa kiti au chakula. "Utakwisha lini" inaweza kuwa ukuta au uji. Tofauti iliyowatenganisha watoto hawa wawili katika lugha ya kwanza ya kitabu haina mahali pa kukaa katika lugha ya pili.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo mwanafunzi wa isimu atalifurahia. Kiambishi -li- kilicho katikati ya Bulihwali, kwa jicho la Kiswahili, ni cha wakati uliopita. Katika lugha za Rutara, ambapo Kinyambo hutumia -ri-, ni cha wakati ujao ulio mbali. Jina haliulizi kama majonzi yatakwisha kesho. Swali lake limeanza kwa kukubali kwamba bado.

Na baba? Masikio ya Karagwe husikia ndani ya Myombekere kitenzi -ombeka, kujenga. Asili halisi ya jina hilo ni suala la wajuzi wa Kikerewe, na hapa halidaiwi zaidi ya mwangwi. Lakini mwangwi huo unafaa, kwa sababu habari nzima ni ya mtu anayejenga mji wake upya baada ya wakwe kumchukua mke.

Ukiyaweka pamoja haya, tafsiri ya kiwasifu inapungua nguvu. Ndiyo, Kitereza alizika watoto. Lakini hakuhitaji kubuni lugha ya msiba huo. Aliikuta tayari katika ngeli, ikitumiwa na kila mzazi tangu Bunyoro hadi Ukerewe. Alichokifanya ni kuuweka msiba wake ndani ya sarufi ya wote, hata usionekane kuwa wake. Ni vigumu kuona kwa nini mhakiki autoe humo na kumrudishia mwandishi mlangoni.

Rubisi kama msuko

Kisa cha sehemu ya kwanza ni chepesi kukisimulia. Jamaa za Myombekere wanamsema mkewe kwa utasa; wazazi wa Bugonoka wanapata habari na kumrudisha kwao; mume anakwenda kuomba; wakwe wanamtoza pombe ya ndizi kabla hawajamrejesha. Kinachofuata ni upikaji wa pombe hiyo kwa kina ambacho kimewachosha wasomaji wengi, na ambacho kimenukuliwa mara nyingi kuthibitisha kwamba riwaya ni etnografia iliyovaa nguo za kisa.

Hukumu hiyo ni ya mtu anayenunua pombe yake dukani. Rubisi bado hupikwa Karagwe na Kyerwa, na anayeijua anaisoma sehemu hii kwa wasiwasi. Ndizi lazima ziivishwe pamoja, zisitangulie wala zisichelewe. Zikichelewa, maji hayatoki vizuri. Hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa kukamulia, maji huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha mtumbwi hufunikwa, na hapo binadamu hana tena la kufanya ila kungoja. Ikiharibika, hakuna njia ya kuirekebisha. Itafutwe mikungu mingine na kuanza upya. Wala si kazi ya mtu mmoja. Mwenye deni la pombe hana budi kuwaendea majirani na rafiki, na kila anayekubali kumsaidia anakuwa shahidi kwamba mtu huyu anamtaka mke wake.

Kwa maneno mengine, sehemu inayoitwa nzito ndiyo yenye taharuki kubwa kuliko zote. Muda wa kuiva ndizi ni muda wa adhabu. Wakwe wangeweza kudai ng'ombe, na ng'ombe hutolewa kwa asubuhi moja; walidai kitu kinachohitaji siku, mikono ya wengine na bahati. Katika Karagwe pia pombe ya kuombea radhi haipimwi kwa wingi wake peke yake. Hupimwa kwa usumbufu uliomgharimu aliyeileta. Kitereza hakueleza kanuni hiyo kwa sababu Mkerewe wa mwaka 1945 hakuhitaji kuelezwa, na alipotafsiri hakuiongeza. Hapa, pengine, alimdhania msomaji wa Kiswahili ujuzi ambao hakuwa nao. Ni kasoro ya tafsiri, lakini ni kasoro inayotokana na imani kwa msomaji, nayo ni nadra.

Ni vema kulinganisha na Achebe, kwa kuwa ulinganisho huo hufanywa mara nyingi na kwa haraka. Things Fall Apart (1958) huzieleza desturi za Umuofia ili msomaji aone kitakachovunjwa. Mgeni anakuja, na kila ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa nuru ya ujio wake. Katika Ukerewe ya Kitereza mgeni haji. Desturi hazielezwi kwa sababu zinakufa bali kwa sababu zinatumika, kama mtu anavyoeleza njia kwa anayetaka kufika.

Pale sikio linaponyamaza

Usomaji huu una hatari zake. Kinyambo si Kikerewe. Kisiwa kimeishi karne nyingi na Wajita, Wakara na Wasukuma, na lugha yake imepokea mengi ambayo nchi ya vilima haiyajui. Mwanakaragwe anayedhani kwamba kila neno linalofanana lina maana ileile atapotea mapema. Tena sehemu za uvuvi na mitumbwi ya ziwani zinampita kama zinavyompita Mtanzania mwingine yeyote. Anayo Burigi na Rwakajunju, lakini hana ziwa lisilo na ng'ambo.

Suala la nyakati za kitenzi nalo linahitaji tahadhari. Lugha za Rutara hutofautisha katika kitenzi chenyewe lililotendeka leo, la jana na la zamani. Kiswahili hutumia -li- kwa yote. Riwaya hii huenda siku kwa siku, na mwendo huo umelaumiwa kuwa ni wa kujikokota. Inawezekana kwamba sehemu ya uzito huo ni gharama ya tafsiri: umbali wa tukio, uliokuwa umebebwa na kiambishi kimoja, umelazimika kubebwa na maneno ya kutaja siku. Dai hili haliwezi kuthibitishwa bila kuziweka matini mbili ubavu kwa ubavu, kitenzi kwa kitenzi. Ni kazi ya tasnifu moja nzima, nayo ingefaa kufanywa na msemaji wa lugha mojawapo ya kundi hili.

Lililo wazi ni kwamba tungo zinazoonekana kupinda katika Kiswahili cha Kitereza hazipaswi kusahihishwa kimyakimya na mhakiki kisha zikaitwa athari za lugha mama. Kauli hiyo ina nafasi yake katika daftari la mwanafunzi. Kwa mtunzi aliyefasiri kitabu chake uzeeni, baada ya miaka 10 ya Kilatini na nusu karne ya kuandika, ni kauli ya kivivu.

Vichwa vya tafsiri

Riwaya imesafiri kwa njia mbili. Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani kutoka Kiswahili, katika majuzuu mawili ya mwaka 1991 na 1993. Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mwenyeji wa Ukerewe, aliipeleka katika Kiingereza mwaka 2002 kutoka mswada wa Kikerewe. Uchaguzi wa Ruhumbika umesomwa na baadhi kama hukumu kwamba Kiswahili ni nakala isiyoaminika. Hakuna ulazima huo. Msemaji wa Kikerewe aliye na mswada mkononi angeanzia wapi kwingine?

Vichwa vinasema zaidi. Juzuu la kwanza la Kijerumani linaitwa Die Kinder der Regenmacher, watoto wa waleta mvua, na la pili Der Schlangentöter, muuaji wa nyoka. Ni vichwa vya kuuza vitabu, na bila shaka viliuza. Lakini majina yote manne yametoweka jaladani, na pamoja nayo sentensi mbili za wazazi kuhusu kifo na majonzi. Ntulanalwo amekuwa shujaa wa hadithi, mtu anayetajwa kwa alichokiua badala ya kile anachoishi nacho. Ruhumbika aliyarudisha yote manne, na kichwa chake ni kirefu hata kuchosha.

Kichwa cha Kitereza mwenyewe kwa Kiswahili ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Bwana na Bibi ni heshima za Kiswahili, na katika Ukerewe ya kisa hakuna ambaye angewaita hivyo wawili hawa. Mzee alikuwa akiwavalisha wahusika wake mavazi ya safari kabla ya kuwatuma kwa watu wasiowajua. Watoto hakuwavalisha chochote. Amewapeleka na majina yao yalivyo, ngeli ya 11 na ngeli ya 14, bila tanbihi.